Uzoefu wangu: tua ya usiku ya Jack the Ripper, Whitechapel

Kama uko London na unapenda hizi kesi za mauaji zisizo na jibu mpaka leo, hii tua nenda, mi nimeipenda ila kuna kitu lazima nikiseme. Mnaanzia karibu na stesheni ya Aldgate East mnatembea kwa miguu kama masaa mawili hivi, na muongozaji wetu anajua kuhadithia balaa.

Kilichonigusa ni vile alivyowaeleza wale wanawake watano waliouawa 1888 na muuaji asiyejulikana aliyepewa jina Jack the Ripper kama watu kabisa, wenye maisha yao. Polly Nichols kwa mfano, usiku wa kuamkia Agosti 31 alitolewa gesti kisa hana peni 4 za kitanda, akatoka kwenda kuzitafuta, ndo akakutwa kachinjwa Buck's Row, siku hizi panaitwa Durward Street. Annie Chapman naye siku nane baadae, hivyohivyo, hela ya kulala. Ila Mitre Square ndo nilishindwa kabisa, Catherine Eddowes alikuwa kashikwa kwa ulevi, polisi wakamwachia saa saba usiku, saa nane kasorobo askari anakuta mwili wake. Yaani hata saa nzima haijaisha!

Sasa kufika kwa watuhumiwa jamaa akakomaa na Aaron Kosminski, kinyozi Myahudi wa kutoka Poland, eti kesi imeisha, DNA imethibitisha. Hapana jamani. Hiyo DNA ilitolewa kwenye mtandio unaosemwa wa Eddowes, na mtandio wenyewe haumo kwenye orodha ya vitu vyake waliyoandika polisi, na DNA iliyotangazwa 2019 ni ile ya upande wa mama ambayo watu kibao wanayo ya kufanana, haiwezi kumtaja mtu mmoja. Jina Kosminski kweli lipo kwenye waraka wa 1894 wa Macnaghten, afisa wa polisi, pamoja na watuhumiwa wengine wawili, Druitt na Ostrog, na Inspekta Swanson aliyesimamia kesi nae kaliandika pembeni mwa kurasa za kitabu alichokuwa akisoma, ila wote wameandika jina la ukoo tu, alafu Swanson anasema mtu huyo alikufa muda mfupi baada ya kupelekwa hospitali ya vichaa wakati Aaron kaingia hospitali ya vichaa ya Colney Hatch 1891 na kafariki 1919!

Na iliniuma zaidi sababu tulikuwa tumetoka kusimama Goulston Street, pale kilipookotwa kipande cha aproni ya Eddowes na juu yake ukutani maandishi ya chaki yanayotaja Wayahudi, Kamishna wa polisi Warren akaamuru yafutwe hata kabla ya kupigwa picha, akiogopa watu watawavamia Wayahudi wa mtaa ule. Unatueleza hilo vizuri, alafu muda si mrefu unamtwika Myahudi maskini mauaji ambayo hakuwahi hata kushtakiwa?

Nyota 4 kati ya 5. Watoto wadogo msiende nao, picha ya chumba alichouawa Mary Kelly, yule mwanamke wa tano, inatisha sana. Na mkifikishwa kwa Kosminski muulizeni muongozaji huo mtandio ulitokea wapi.