Yamaha F310, FG800 na FG830: ipi ukiiuza Bagamoyo hulii

Hizi gita kavu tatu nimezimiliki zote kwa nyakati tofauti hapahapa Bagamoyo na zote nimeshaziuza, kwa hiyo naongea kama mtu aliyekaa pande zote mbili za meza.

F310 kila mtu anaijua, kuanzia kwaya, wanafunzi wa chuo cha sanaa cha TaSUBa hadi vijana wanaopigia wageni ufukweni. Ubao wake wa juu ni plaiwudi, sauti fupi fupi hivi, ila kuuzika inauzika bwana! Niliichukua mpya laki nne, nikaipiga miaka miwili, siku naiweka status asubuhi jioni mtu kaja na laki tatu mkononi. Tatizo lake feki ni nyingi, mnunuzi mjanja lazima achungulie lebo ndani ya tundu, so risiti usiitupe.

Nikahamia FG800. Hii ubao wa juu ni mbao ya sprusi nzima sio ya kubandika, na tangu Yamaha waitoe 2016 vile vijiti vya ndani vinavyoshika ubao vimechongwa vikapunguzwa unene, ndo maana besi inajaa hata ukipiga kwa dole gumba peke yake usiku sebuleni. Kwa sauti hapa ndo moyo wangu ulipobaki. Sasa njoo kwenye upepo wa bahari, mbao nzima inakunywa unyevu, masika moja tu ubao ukavimba nyuma ya daraja (pale nyuzi zinapofungwa), nyuzi zikapanda juu ya shingo mpaka kubana chord ya F ikawa adhabu, fundi akasaga kile kijiti cheupe cha kwenye daraja zikashuka lakini uvimbe ukabaki palepale. Mteja akainamisha gita kwenye mwanga wa dirisha, akauona, laki nzima ikaondoka.

FG830 ndo iliyoniumiza. Tofauti yake kubwa na FG800 ni mgongo na mbavu za roswudi badala ya mbao za nato au okume, na hiyo roswudi yenyewe ni plaiwudi, pamoja na urembo kidogo. Dukani niliongeza hela ya maana kwa ajili ya huo mgongo. Siku ya kuuza kaja mzee wa kwaya, swali la kwanza, "Mwanangu, hii ina jeki?" yaani tundu la kuchomeka waya wa spika. Nikamwambia haina mzee ila mgongo ni roswudi, akaigeuza, akaigonga gonga kama anachagua tikiti, akanijibu, "Sasa mgongo kanisani nani atauona?" Nikaiachia kwa bei ya FG800.

Kwa hiyo kama unajua utakuja kuuza tafuta zenye herufi X, FX310 au FGX800C, hizo zina pikapu, kile kinasa sauti cha ndani, unachomeka kwenye spika moja kwa moja. Mimi saa hizi nina FX310, na yule mzee ameshanipigia mara mbili.