Kambi ya watoto Harriman: nyota nne, ya tano nimeibana kwa ajili ya msosi

Wazazi wenzangu wa Bronx, hapa New York, mnaoniuliza kila siku kuhusu ile kambi ya porini, haya, maoni yangu ndo haya. Jina la shirika siliweki hapa, anayelitaka aje inboksi.

Kwanza ni bure. Unapeleka karatasi za kipato basi, hata nauli ya kwenda na kurudi hutoi. Najua tulivyo, tukisikia cha bure tunajua ni makombo, ila hapa hapana aisee. Wako ndani ya Harriman State Park, hifadhi ya misitu ya jimbo la New York, kama maili 30 tu kutoka mjini, mashirika yanakodi vibanda kando ya maziwa na watoto wa mjini wanapelekwa mle miaka zaidi ya 100 sasa. Mengi ya yale maziwa wala si ya asili, ni mabwawa yalijengwa, lakini mtoto wa gorofa ya sita utamwambia nini, kaona maji na miti kachanganyikiwa.

Kilichonifurahisha kuliko vyote ni kuogelea. Binti yangu maji aliyokuwa anayajua ni yale ya bomba la zimamoto wanalofungua mtaani joto likizidi. Kule siku ya kwanza wanapimwa mmoja mmoja, asiyejua anabaki kwenye kina kifupi, na kila mtoto ana mwenzake, filimbi ikilia wanashikana mikono wanainua juu wanahesabiwa, ndo wanaendelea. Karudi anaelea chali na kupiga mbizi, sasa ananisumbua nimpeleke bwawa la manispaa kila nikiwa ofu.

Dubu wapo, nyoka wale wa mkia unaolia kama kayamba pia wapo, ndo maana chakula hakiingii kibandani hata pipi. Mimi niliogopa zaidi kupe, maana wa huku wanaleta ugonjwa wa Lyme, ule wa bakteria unaoleta homa na maumivu ya viungo, na ni wadogo huwaoni hivihivi. Jioni watoto wanakaguliwa, ila akirudi mkague tena mwenyewe, nyuma ya masikio, makwapani, nyuma ya magoti, na kichwani. Msuke twende kilioni kabla hajaondoka, utanishukuru.

Sasa msosi. Kwenye fomu niliandika kwa herufi kubwa kwamba hali nguruwe, halafu asubuhi mezani bekoni na soseji za kitimoto, mtoto anashindia mkate na siagi ya karanga, na simu hawaruhusiwi kwa hiyo nimejua kupitia barua! Napiga ofisini wananirusha huku na huku mpaka nikaomba niongee na jikoni moja kwa moja. Yule mama wa jikoni apewe maua yake, kaniambia fomu haijawahi kumfikia, na kuanzia hapo mwanangu akawa anakaangiwa mayai kwenye kikaango chake. Fomu ilikwama wapi mpaka leo sijajibiwa, na hiyo nyota siirudishi.

Mnaotaka mwakani, fomu ya daktari na chanjo shughulikieni mapema, ukisubiri Juni kliniki zimejaa. Koti la mvua, soksi nyingi kuliko unavyodhani, na tochi inunue ya maana, zile za dola mbili zinazima usiku wa kwanza na choo kiko nje.