Makumbusho madogo ya London kwa basi la kukodi: uzoefu wangu

Tulikuwa 34, wengi wetu watu wazima, na watatu magoti yao hayawezi tena ngazi za treni za chini ya ardhi. Ndiyo maana tukakodi basi. Makumbusho makubwa ya London karibu wote tulishayaona. Safari hii nilitaka yale madogo, ambayo hata wakazi wengi wa jiji hupita mlangoni bila kujua kilichomo.

Mwanzoni nilipanga makumbusho matano. Aliyepokea simu kwenye kampuni ya mabasi alikubali kila nilichouliza, hata kwamba basi litatusubiri mlangoni. Haikuwa kweli, na jambo hilo liliniudhi. Katikati ya London basi hushusha abiria haraka na kuondoka, likatafute maegesho yake mbali. Aliyenieleza ukweli ni dereva mwenyewe, alipopiga simu jioni ya kuamkia safari. Akanikumbusha pia kwamba sheria inamtaka apumzike dakika 45 kwa kila saa nne na nusu za kuendesha, kwa hiyo ratiba ipangwe pamoja na mapumziko yake. Nikafuta moja, yakabaki manne. Kama unakodi, omba kuzungumza na dereva mapema, na uulize kwa maandishi kama bei inajumuisha maegesho. Basi lisilofikia kiwango cha moshi cha Euro 6 hutozwa kila siku linapoingia jijini, kwa hiyo hilo nalo liulize.

Saa nne asubuhi tulishuka Lincoln's Inn Fields. Hapa ndipo basi lilipoonyesha faida yake, maana kwa kituo kimoja unapata makumbusho mawili yanayotenganishwa na bustani tu, yote bila kiingilio. Tuligawana nusu kwa nusu, kisha tukabadilishana. Msijaribu kuingia wote kwa mkupuo kwenye Sir John Soane's Museum. Ni nyumba ya msanifu majengo aliyefariki mwaka 1837, na sheria ya Bunge ya mwaka 1833 ndiyo inayoilinda ibaki kama alivyoiacha. Njia ni nyembamba, sanamu zimejaa hadi darini, na mikoba unaishika mkononi usije ukaangusha kitu. Chini kabisa kuna jeneza la jiwe la Farao Seti I, ambalo Soane alilinunua mwaka 1824 kwa pauni 2,000 baada ya British Museum kuikataa bei hiyo. Kwenye chumba cha picha mhudumu alifungua ukuta kama mlango wa kabati, na nyuma yake kukawa na picha nyingine. Kina mama walipiga vigelegele vya chinichini.

Hunterian Museum, ng'ambo ya bustani, si ya kila mtu. Ni mkusanyiko wa daktari wa upasuaji John Hunter, viungo vya wanyama na binadamu ndani ya chupa, safu juu ya safu. Wawili wetu walitoka mapema wakakaa bustanini, na sikuwalaumu. Mimi nilifurahi kwamba mifupa ya Charles Byrne, mtu mrefu mno aliyetaka azikwe baharini ili madaktari wasimchukue, haikuwekwa tena hadharani makumbusho yalipofunguliwa upya mwaka 2023. Imechelewa sana, lakini ni haki yake.

Old Operating Theatre, yaani chumba cha zamani cha upasuaji, iko chini ya paa la kanisa, huko Southwark, na hapa mnalipa kiingilio. Ngazi ni 52, za kuzunguka, nyembamba. Wazee wetu watatu walibaki chini na mmoja wa vijana. Ningejua mapema ningewapangia kitu kingine cha kufanya, na hilo bado linaniuma. Chumba cha upasuaji ni cha mwaka 1822, kabla dawa ya usingizi haijaanza kutumika kule. Katikati kuna meza ya mbao, na kuizunguka ni ngazi walizosimama wanafunzi kutazama. Waliolazwa juu ya meza hiyo walikuwa wanawake maskini, wakiwa macho. Hakuna aliyezungumza tulipokuwa tunashuka.

Safari ya kwenda Forest Hill, kusini mwa London, ilikuwa ndefu kwa sababu ya foleni, na kipaza sauti cha basi hakikufanya kazi, nikawa napita kiti hadi kiti kueleza tunakokwenda. Viti vilikuwa safi, dereva mpole, anashika mkono kila mzee anayeshuka. Ila basi la viti 49 lilikuwa kubwa kwa mitaa ile. La viti 35 lingetutosha.

Horniman Museum, iliyofunguliwa mwaka 1901, ndiyo iliyotufikisha jioni. Mwaka 2022 ilikabidhi kwa Nigeria umiliki wa vitu 72 vya ufalme wa kale wa Benin, uliokuwa katika Nigeria ya leo, vilivyoporwa na askari wa Uingereza mwaka 1897. Sita vilirudishwa kwanza, na vingine vikaruhusiwa kubaki kwa mkopo, Nigeria ikiwa mwenye mali. Mzee mmoja aliyekuwa amebaki chini kule kanisani alinitaka nimrudie maelezo hayo mara mbili. Dereva alikuwa ametupa hadi saa kumi na moja. Tuliomba dakika kumi zaidi, akatupa.