Kidude cha kuongezea fyuzi: miezi mitano kwenye Noah yangu

Wakuu habari zenu. Nimeona niandike kuhusu hiki kidude, kinachomekwa kwenye fyuzi boksi kukupa laini mpya yenye fyuzi yake, kwa sababu siku hizi wengi tunafunga geji za nje, za temperecha, za volti, za oili, halafu umeme wake unachukuliwa popote mkono unapofika, waya wa gari unachunwa, wa geji unazungushiwa hapo, tepu nyeusi juu, kazi imeisha. Yangu ilifungwa hivyo hivyo na ikanitia hasara.

Gari ni Noah ya 1999, zile SR40, injini ya 3S ambayo umeikalia chini ya siti. Mshale wa temperecha kwenye dashbodi ukishafika katikati unaganda hapo hapo, maji ya injini yawe nyuzi 85 yawe 97 wenyewe hautikisiki, ukija kuuona unapanda ujue ushachelewa na gasketi ya silinda hedi unaiwaza. Ndo maana nikanunua geji ya namba, sensa yake nikaiweka kwenye hozi ya juu ya rejeta.

Fundi umeme aliyeifunga alichukua umeme kwenye waya wa redio. Nilimuuliza fyuzi yake iko wapi akaniambia bro ondoa shaka, redio si ina fyuzi. Sasa laini ya redio inakatika ukipiga selfu, kwa hiyo kila nikiwasha gari geji inazima inaanza upya, hilo nililivumilia. Lililonishinda ni hili, usiku tunatoka Moro na familia, redio kimya, geji kimya, na kaharufu ka plastiki kuungua. Nikapaki pembeni. Kufungua chini ya dashbodi nakuta tepu imelegea kwa joto, waya umegusa chuma, ganda lake limeyeyuka kama urefu wa kiganja. Fyuzi ya redio yangu ni ya ampia 15 na waya wa geji ni mwembamba kama wa chaja ya simu, yaani waya unaungua kwanza ndo fyuzi inakuja kukatika. Watoto wamelala siti ya nyuma. Usiku ule sikulala.

Wiki iliyofuata nikaenda Gerezani pale Kariakoo kutafuta hiki kidude. Nilichukua viwili, 3,000 kila kimoja. Kwa asiyekijua, ni kiplastiki chenye miguu miwili kama ya fyuzi, kinachomekwa kwenye fyuzi boksi mahali pa fyuzi, juu yake kina matundu mawili, la chini linabeba fyuzi ya zamani ya gari na la juu linabeba fyuzi ya kile unachoongeza, nyuma kuna waya mfupi mwekundu unatoka. Huchuni waya wowote wa gari. Siku ukiuza gari unakichomoa na hakuna kovu. Vipo vya saizi tofauti, vya fyuzi za kawaida na vya zile ndogo, kwa hiyo chomoa fyuzi moja ya gari yako nenda nayo dukani, usikadirie kwa macho.

Mimi sikutaka kugusa hata laini inayotumika. Kwenye fyuzi boksi nyingi kuna matundu ambayo kiwandani yaliachwa matupu kwa ajili ya vitu ambavyo gari yako haikuja navyo, mengine ndani hayana hata chuma, mengine yana chuma na umeme unafika. Nikachukua testa ya taa, nikabana klipsi kwenye bodi, nikaanza kuchokoa moja moja. Funguo imezimwa, kimya. Funguo kwenye ON, moja likawaka upande mmoja tu. Nikamwambia mdogo wangu apige selfu, testa haikuzima. Hilo ndo nililokuwa nalitaka, linawaka na funguo, linazima na funguo, na halikatiki wakati wa kuwasha, geji haiwezi kunimalizia betri gari ikiwa imepaki.

Hapa naomba muwe makini maana hakuna karatasi ya maelezo inayokuja nacho. Kidude kina upande. Mara ya kwanza nilikichomeka geji ikawa giza kabisa, nikakigeuza ikawaka. Sababu ni kwamba mguu mmoja ndo unaolisha fyuzi zote mbili, na huo ndo unatakiwa ukae upande wenye umeme. Kwenye tundu tupu ukikosea unaona mara moja kwa sababu hakiwaki. Kwenye laini inayotumika ukikosea kitawaka vizuri tu, ila umeme wa geji utakuwa unapita kwenye fyuzi ya zamani kwanza, yote mawili yanaibebesha ile moja. Na tafadhali msichomeke kwenye fyuzi ya eabegi, ABS ya breki wala ya kompyuta ya injini, hata kama ndo iliyo karibu.

Tundu la chini la kidude nimeliacha tupu, la juu nimeweka fyuzi ya ampia 3, ile ya zambarau, geji inakula umeme kidogo sana inatosha na kubaki. Waya mweusi wa geji nimeufunga kwenye bolti ya bodi baada ya kukwangua rangi, usipokwangua namba zinacheza cheza utadhani sensa mbovu.

Kasoro sasa. Ile sehemu waya mwekundu unapoingia kwenye kiungo cha buluu imebanwa vibaya. Cha kwanza nilivuta kidogo tu, kwa vidole, waya ukachomoka mkononi mwangu, nyuzi zake nyembamba hazijaumwa hata na chuma. Cha pili kilishika ila sikukiamini, nikavibana vyote upya kwa playa na kuvalisha mpira unaosinyaa kwa moto. Kitu cha kulinda gari kisije na kasoro ya namna hiyo, hapo mtengenezaji kaniudhi kweli. Kingine, kinasimama juu kuliko fyuzi ya kawaida, mfuniko wa fyuzi boksi yangu haufungi tena vizuri, kwenye gari nyingine ningekuwa na wasiwasi wa vumbi na maji.

Toka nimekifunga ni miezi mitano. Mwezi wa sita nilipanda nayo mlima Kitonga, gari imejaa, nyuma ya lori la mizigo, gia ya chini muda wote. Nikaiona namba inapanda 91, 94, 97, mshale wa dashbodi umelala katikati kama kawaida yake. Nikazima AC, nikafungua hita, nikatafuta nafasi pembeni nikapumzisha injini ikinguruma taratibu mpaka ikarudi 88. Mke wangu akauliza baba, kuna nini, nikamwonyesha namba.

Naipa 4 kwa 5, hiyo moja imeenda na ule waya. Ukienda kununua vuta waya pale pale kaunta kabla hujatoa hela, na ukiwa huna testa azima.