Kipanya cha Kompyuta Kinachooshwa: Miezi Sita Kwenye Meza ya Maabara

Ndugu watazamaji, karibuni. Hiki nilichokishika, ambacho kama mnavyoona bado kinachuruzika maji, ni kipanya cha kompyuta. Nimekitoa kwenye beseni sasa hivi, na kabla sijamaliza kuzungumza nitakikausha, nitakichomeka na kufanya nacho kazi mbele yenu. Nimekitumia kwa miezi sita kwenye maabara ya kituo cha afya ninachofanyia kazi, nikikiosha kila siku ya kazi kabla ya kufunga mlango, na leo nataka kuwaeleza kinamfaa nani na hakimfai nani, kwa sababu bei yake ni mara kadhaa ya kipanya cha kawaida, na ningesikitika kuona mtu ametoa fedha za kituo au za duka lake kununua kitu ambacho hatawahi kukiosha. Jina la mtengenezaji silitaji, kwa kuwa vipanya vya umbo hili huuzwa kwa majina mengi. Nitawaonyesha alama za kuangalia, nanyi mtazitumia kwa chochote mtakachokikuta dukani.

Nianze na sababu iliyonifanya nikitafute. Tangu tuanze kuingiza majibu ya vipimo kwenye GoT-HoMIS, mfumo wa kompyuta wa Serikali ya Tanzania wa kutunzia taarifa za vituo vya afya, kompyuta imekuwa kifaa cha maabara sawasawa na hadubini. Mtaalamu anasoma slaidi ya malaria kwa lenzi ya mafuta, anageuka, anashika kipanya, anaandika jibu, anarudi kwenye slaidi. Kanuni inasema avue glavu kwanza, na ni kanuni nzuri, lakini foleni ikiwa imefika hadi nje ya mlango nimeona kwa macho yangu glavu ikishika kipanya, kisha dakika tano baadaye mwenzetu wa zamu nyingine akakishika kwa mkono mtupu. Hapo ndipo hofu yangu ilipoanzia. Meza tunaifuta, vishikio vya milango tunavifuta, lakini kile kitu kinachoguswa na kila mtu kuliko vyote hakuna aliyethubutu kukimwagia maji.

Cha mwisho cha kawaida tulichokuwa nacho kiliharibiwa na usafi wenyewe. Mwenzangu alikifuta kwa pamba iliyoloa maji ya klorini, naye hakukosea nia, ila pamba ilikuwa haijakamuliwa, na maji yakaingia kwenye mwanya wa gurudumu. Siku mbili baadaye kitufe cha kushoto kikaanza kubofya mara mbili pale ulipobofya mara moja. Huenda mtu akaliona hilo kuwa dogo, lakini unapochagua jina la mgonjwa kwenye orodha ndefu, na bofyo la pili likaangukia kitu kingine ambacho hukukikusudia, hilo si dogo hata kidogo. Tulikiondoa mezani siku hiyohiyo.

Sasa nakisogeza hiki karibu na kamera. Kwenye kipanya cha kawaida maji yana njia nyingi: kuna mwanya kati ya kitufe cha kulia na cha kushoto, kuna tundu la gurudumu, na kuna mshono unaozunguka ganda lote chini. Hapa juu hamwoni mwanya wowote, kwa sababu ngozi moja ya silikoni imefunika mgongo mzima, na vitufe viko chini ya ngozi hiyo. Gurudumu halipo kabisa. Ndilo sehemu ngumu kuliko zote kuzibwa, maana ni kitu kinachozunguka, kwa hiyo mahali pake pamewekwa vitufe viwili vidogo, kimoja cha kupandisha ukurasa na kingine cha kuushusha. Nikikigeuza chini mnaona dirisha dogo la plastiki angavu, nalo limezibwa pembeni. Mwanga unapita, maji hayapiti. Wale mliotumia vipanya vya zamani vyenye mpira unaozunguka ndani, vile tulivyokuwa tukivifungua na kukwangua uchafu kwenye roli zake kwa ukucha, mtaelewa kwa nini kipanya cha namna hii kisingewezekana wakati ule. Kilihitaji kwanza vije vipanya vya mwanga, ambavyo vilianza kuenea baada ya Microsoft kutoa IntelliMouse Explorer mwaka 1999.

Jambo la kwanza la kuangalia kwenye boksi ni alama ya herufi IP ikifuatiwa na tarakimu mbili. Tarakimu ya kwanza inahusu vumbi, na 6 ndiyo ya juu kabisa. Ya pili inahusu maji: 7 maana yake kifaa kimejaribiwa kwa kuzamishwa hadi kina cha mita 1 kwa dakika 30, na 8 maana yake kinastahimili kuzamishwa kuliko hapo, kwa kina na muda ambao mtengenezaji mwenyewe lazima autaje. Mkiona IPX7, ile X haimaanishi sifuri, bali ina maana kwamba jaribio la vumbi halikufanyika au halikutajwa. Naomba mnisikilize vizuri hapa, maana hapa ndipo wanunuzi wengi wanapopotea: majaribio hayo ya kuzamisha hufanywa kwa maji matupu. Alama ya IP67 haiwaambii lolote kuhusu klorini, spiriti, sabuni wala maji ya moto. Kwa hiyo fungueni karatasi ya maelezo na mtafute orodha ya dawa ambazo mtengenezaji ameruhusu zitumike. Kama orodha hiyo haipo, mimi singekinunua kwa ajili ya maabara, hata kama alama ya IP inavutia namna gani.

Kukiosha kwenyewe nimekupangia utaratibu ambao sikuupata siku ya kwanza. Nachomoa waya kwenye kompyuta, kisha navisha kizibo hiki cha mpira kwenye ncha ya USB. Kizibo hiki ni kidogo kama tembe ya dawa, lakini ndicho kinachookoa kifaa chote, kwa sababu mwili wa kipanya umezibwa ila ncha ya waya haikuzibwa. Wiki ya pili nilikisahau. Maji yakaingia kwenye zile njia nne za shaba, nami kwa haraka nikaifuta ncha kwa nje tu na kuichomeka. Kompyuta haikukitambua kipanya siku nzima, na nilipoitazama ncha kwa kioo cha kukuzia nikakuta ukungu wa kijani umeanza kwenye njia moja. Niliisafisha kwa spiriti na brashi laini, nikaiacha ikauke usiku kucha, kikafufuka. Tangu hapo kizibo nimekifunga kwa uzi kwenye waya.

Baada ya kizibo, naosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kwanza, ndipo dawa ifuate. Utaratibu huu usigeuzwe, kwa sababu klorini ikikutana na mafuta, damu au jasho hutumika kwa uchafu huo na kupungua nguvu kabla haijafika kwenye vijidudu. Kisha nakizamisha kwenye maji ya klorini ya asilimia 0.1 kwa dakika 10. Ukiwa na dawa ya asilimia 3.5, unachanganya sehemu 1 ya dawa na sehemu 34 za maji, na unachanganya upya kila siku kwa kuwa mchanganyiko wa jana umeshapoteza nguvu. Ule mkali wa asilimia 0.5 tunauweka kwa ajili ya damu iliyomwagika, si kwa kipanya. Mwisho nasuuza kwa maji safi, na hatua hii watu huiruka, lakini klorini ikikaukia juu ya kifaa huacha chumvi nyeupe na hula silikoni taratibu.

Mchana, kati ya zamu na zamu, nafuta kwa spiriti ya asilimia 70. Wengine hudhani ya asilimia 96 ni bora zaidi, lakini spiriti kali hukauka upesi mno, na yale maji yaliyomo kwenye ya 70 yanaisaidia kufanya kazi yake. Dawa ya kutakasa mikono msiitumie hapa. Ina gliserini ya kulinda ngozi, na gliserini hiyo huacha utando unaonata juu ya silikoni na kwenye lile dirisha la chini.

Mwenzetu mmoja aliniuliza kama tunaweza kukiweka kwenye otoklevu, mashine inayoua vijidudu kwa mvuke wa moto, pamoja na vyombo vingine. Hapana. Nyuzi joto 121 zitaua kila kitu, pamoja na kipanya.

Sasa kuna gharama ambazo hamtaziona kwenye boksi. Kubofya kunahitaji nguvu zaidi, kwa kuwa kidole husukuma silikoni kwanza ndipo kifike kwenye swichi, na mlio wa bofyo hausikiki vizuri. Wiki ya kwanza kidole changu cha shahada kilichoka kila jioni, na mara kadhaa niliamini nimehifadhi jibu kumbe bofyo halikuingia. Sasa nimezoea, lakini mwenzangu mwenye maumivu ya vifundo vya vidole hakuzoea, na nadhani mtu mwenye tatizo kama lake hapaswi kulazimishwa. Kukosa gurudumu kunasumbua pia kila ninapopitia orodha ndefu ya wagonjwa: unabonyeza, ukurasa unashuka kwa vituo, unapita jina unalolitafuta, unarudi. Silikoni nayo huvuta vumbi na nyuzi za pamba, kwa hiyo kifuteni kwa kitambaa kisichotoa manyoya.

Tena tazameni doa hili la zambarau, hapa pembeni pa kitufe cha kulia. Hiyo ni rangi ya Giemsa, ile tunayopakia slaidi za malaria. Iliingia kwenye silikoni mwezi wa kwanza na haijatoka kwa sabuni, klorini wala spiriti. Doa si uchafu, na kipanya ni safi, lakini kama mnafanya kazi na rangi, nunueni cheusi.

Vile visivyo na waya vina faida moja ya kweli, kwamba hakuna ncha ya USB ya kusahau. Hata hivyo vina mlango wa betri, na kila unapoufungua unaugusa ule mpira unaozuia maji. Unywele mmoja ukibaki pale, maji yana njia. Ndiyo maana nilichagua chenye waya. Msisahau na kibodi, kwa sababu mkono uleule unaotoka kwenye kipanya unakwenda kwenye kibodi, na kibodi za kuoshwa zipo, ingawa baadhi zimeundwa kwa namna nyingine kabisa: K310 ambayo Logitech ilitoa mwaka 2012, kwa mfano, ina matundu nyuma ya kuyatoa maji.

Kwa maoni yangu, hiki ni kifaa cha maabara, cha chumba cha daktari wa meno, cha dirisha la dawa, cha jikoni kubwa, cha bucha na cha gereji ambako mikono huwa na grisi. Mwanafunzi, mhasibu au mchoraji abaki na kipanya chake cha kawaida, akichomoe na kukifuta kwa kitambaa chenye spiriti kidogo. Na hata maabara, kipanya hiki hakichukui nafasi ya kunawa mikono. Ukivua glavu, nawa, ndipo ushike.

Mkikipata, kijaribuni hivi kabla hamjaondoka dukani, muuzaji akikubali. Visheni kizibo, kizamisheni kwenye bakuli la kioo, mtulie. Viputo vichache vilivyoshikamana na ngozi yake si tatizo, vitaachia na kupanda. Mkiona mstari wa viputo unaotoka mahali pamoja na hauishi, hapo hewa inatoka, na hewa ikitoka maji yanaingia. Kirudisheni.

Haya, kimekauka kwa nje. Natoa kizibo, natazama ndani ya ncha, iko kavu, nachomeka. Mnaona kishale kinarukaruka kwenye kioo? Msiogope. Ndani ya kipanya kuna kamera ndogo inayopiga picha za uso wa meza mara nyingi kwa sekunde ili ijue mkono umeelekea wapi, na tone moja la maji limebaki kwenye dirisha na kuupinda mwanga. Nakigeuza, nalifuta kwa ncha ya kitambaa, hivi. Sasa kishale kimetulia. Nafungua fomu ya majaribio, nabofya, nasubiri, nahakikisha kwa macho kwamba imehifadhiwa, ndiyo, imehifadhiwa.