Jenereta ya Van de Graaff ya mezani: volti za kwenye boksi ni porojo, ila mashine yenyewe iko vizuri

Rivyu nyingi za hizi mashine zinaandikwa siku hiyohiyo mtu anafungua boksi, nywele zikisimama tu basi nyota 5. Mi nimeitumia kwanza mpaka nimeijua, na nataka niongelee kuba, ile tufe ya chuma tupu ndani inayokaa juu, mota inazungusha mkanda wa kupandisha chaji za umeme mpaka pale zijazane, maana hapo ndo uzuri wake na ubovu wake vyote vilipo.

Boksi linasema volti 400,000. Kuba lina kipenyo cha sentimita 20. Sasa hapo huhitaji hata kuiwasha ujue unapigwa kamba. Hewa kavu inavumilia uga wa umeme (ile nguvu inayosukuma chaji) wa kama volti milioni 3 kwa mita, ukizidi hapo inaanza kupitisha umeme yenyewe, na kwa kuba la duara volti zake ni uga wa pale kwenye uso mara nusu kipenyo, yaani milioni 3 mara 0.1, unapata 300,000 basi. Na hiyo ni duara kamili lisilo na tundu wala kitu chochote karibu, wakati hili lina tundu chini la kupitisha mkanda. Cheche ndefu niliyoipata kwenda kwenye ile tufe ndogo ya ethi (iliyounganishwa na ardhi) ni sentimita 5 hivi, hata ukihesabu kwa ukarimu, volti 30,000 kila sentimita, ni laki moja na nusu. Inatosha kabisa kwa kazi yake, sasa uongo wa nini?

Kingine, kuba limeungwa vipande viwili katikati na pale kwenye maungio kuna vijichuma vimebaki vimechomoza. Ukizima taa unaona kabisa mwanga wa zambarau pale na mlio wa ssss, ndo chaji inavuja hiyo. Kwenye kipitishi (kitu kinachopitisha umeme, kama chuma) chaji zinajazana pale penye kona kali, kwahiyo uga wa pale unakuwa mkubwa hadi hewa inaachia. Nimepapiga msasa laini, mlio ukapungua na cheche zikarefuka. Cha kushangaza ukingo wa tundu la chini wameukunja kwa ndani vizuri kabisa, ina maana wanajua, ni uvivu tu kwenye maungio. Kuna na sindano ya kusimamisha juu ya kuba, ukiiweka cheche zinakata kabisa, chaji yote inaishia hewani kupitia ile ncha.

Ila sasa kilichonifanya niipende ni kile kikopo cha chuma cha kukaa juu ya kuba. Bandika vikaratasi vyembamba nje na ndani ya kopo, washa mota, vya nje vinatawanyika vyote, vya ndani vinaning'inia tu kama hakuna kinachoendelea. Alafu zima mota, chukua kijisahani cha kupimia chenye mpini wa plastiki, gusisha nje ya kopo upeleke kwenye elektroskopu, kifaa chenye majani mawili membamba ya chuma yanayoachana yakipata chaji (iweke mbali na kuba, la sivyo itafunguka yenyewe kabla hujaigusa), majani yanafunguka. Toa ile chaji, gusisha chini kabisa ndani ya kopo, peleka tena, majani hata hayatingishiki. Gusisha mdomo wa kopo, yanafunguka kuliko yote. Mwanasayansi Mwingereza Michael Faraday alifanya majaribio ya namna hii na ndoo ya chuma mwaka 1843 na mpaka leo sijaona maelezo ya kitabuni yanayoshinda kuona yale majani yamelala. Sababu ni kwamba chaji kwenye chuma ziko huru, uga wowote ukibaki mle ndani ya chuma utazisukuma, basi zinahama mpaka uishe, na zinaishia usoni kwa nje.

Na ukishaelewa hilo ndo unaelewa kwanini mashine yenyewe inafanya kazi. Ile brashi ya juu, inayotoa chaji kwenye mkanda, imewekwa NDANI ya kuba makusudi, mle uga wa chaji za kuba haupo, kwahiyo kuba liwe limejaa vipi bado linapokea na kuitupa nje. Kazi ya kushindana na chaji za kuba inafanywa na mota, mkanda ukiwa njiani kupanda. Akili sana huyu Robert Van de Graaff, modeli ya kwanza kaitengeneza Marekani mwaka 1929.

Kijitabu cha maelekezo sasa, mchoro wake umeweka alama za kujumlisha (yaani chaji) nje na ndani ya kuba sawasawa! Yaani mashine inampinga mwalimu wake. Kama unanunua kwa ajili ya wanafunzi ficha hicho kijitabu.

Mengine ya kawaida: mota ina kelele, mkanda ukishika unyevu mashine inakuwa sanamu, ukaushe na drayer ya nywele inarudi. Simu iwe mbali, na mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo asisogee kabisa.

Nyota 4. Kabla ya kulipa mwambie muuzaji akutumie picha ya maungio ya kuba kwa karibu, sio picha ya boksi.