Taarifa za mvua za CIMH ya Barbados: tathmini ya mkulima wa Moshi

Taasisi ya Hali ya Hewa na Haidrolojia ya Karibi, CIMH, yenye makao yake Barbados, hutoa bila malipo taarifa za mvua za msimu ambazo sisi wakulima wa kahawa na migomba wa Moshi tungefaidika kuzisoma. Visiwa vile viko mbali, lakini mazao yake tunayafahamu: kahawa ya milima ya Jamaika, ndizi za Dominica, miwa ya Barbados.

Ninachokithamini zaidi ni ramani ya utabiri wa miezi mitatu. Kila eneo hupewa tarakimu tatu, mathalani 45, 35 na 20, yaani asilimia ya uwezekano wa mvua kuwa juu ya wastani, za wastani au chini ya wastani. Huo ni uungwana kwa mkulima, kwa kuwa haahidiwi mvua, bali huonyeshwa ukubwa wa hatari anayoibeba anaponunua mbegu na mbolea. Zipo pia ramani za ukame zinazolinganisha mvua za mwezi 1, 3, 6 na 12 iliyopita na kawaida ya mahali, na ukiziweka pamoja utaelewa kwa nini mchicha hunyauka baada ya wiki chache za jua ilhali visima huchukua miezi mingi kupungua. Utabiri wa idadi ya siku za mvua nao una uzito wake: migomba ambayo majani yake hayakauki hushambuliwa na Sigatoka nyeusi, ugonjwa wa ukungu unaoharibu majani, na jumla ya milimita peke yake haionyeshi hatari hiyo.

Kasoro zipo. Lugha ni Kiingereza kizito cha kitaalamu, na tarakimu moja hubeba eneo pana mno. Anayejua jinsi mvua ya Marangu, juu mlimani, inavyotofautiana na ya tambarare za TPC, kwenye mashamba ya miwa kusini mwa Moshi, ataliona hilo mara moja.

Asije mtu akapanda mahindi kwa kufuata ramani hizo. Msimu wao wa mvua ni Juni hadi Novemba, na El Niño, yaani kupata joto kusiko kwa kawaida kwa maji ya Bahari ya Pasifiki, ambayo huko mara nyingi huleta ukame kama ule wa 2015, kwetu huelekea kuzidisha vuli, kama ilivyokuwa 1997. Kwa masika na vuli za Kilimanjaro, tusome utabiri wa TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania.